Sauti ya Emile Ilivyovuka Muto Luama

Kasongo, Maniema
Tarehe 11 ya mwezi wa ine, 1956

Mupendwa kuzeni Hippolyte, mutoto wa mujomba, mufanyakazi mukubwa wa treni huko Elisabethville,

Jambo. Jambo ya pili pia ni yangu, na ya tatu ni ya mama Julienne, shangazi yako, ambaye amesema nisipoiandika leo hanipi chakula. Mwili wako iko namna gani? Lile jino lililokusumbua limetoka, ao ungali unatafuna upande mumoja kama mbuzi muzee? Baridi ya huko umeizoea? Dada yako Marcelline na watoto wake wanalala vizuri?

Sisi huku tuko wazima. Muguu wa mama umepona, anakwenda shamba na kurudi, na akirudi sauti yake inafika nyumbani mbele ya miguu. Mupunga umeota, mihogo iko, mvua ndiyo imezidi. Vyura wamekuwa wengi kuliko wakristo.

Usicheke mwandiko wangu. Wewe ulimaliza shule ya Wafureri wa misioni, mimi niliacha darasa la tano kwa sababu mimi na Fureri hatukupatana nani kati yetu atakuwa mwalimu. Lakini katika barua yako umeandika maneno ambayo nimeyaweka moyoni. Umesema: "Zéphirin, kazi yako kwa yule muzungu wa redio ni kupanguza vumbi." Vumbi! Basi kaa kitako, mutu wa treni, toa kofia, usome vumbi limefanya nini.

Bwana wangu, kwa jina Maertens, ni agronome, mutaalamu wa kilimo cha pamba, lakini muji mzima unamwita Bwana Alo-Alo. Ana sanduku la kusemea alilolitengeneza kwa mikono yake. Si kazi ya serikali, ni muchezo wake tu, ana ruhusa yake. Rafiki yake, Padri wa Kabambare, ana sanduku kama lile. Kila siku saa kumi ya muchana wanaitana, wanaulizana mvua na tomati. Mumoja anasema, mwingine ananyamaza. Akimaliza anatamka "à vous", ndiyo zamu ya mwenzake. Mimi ndiye ninayepanda miti ya mingazi kufunga waya wa antene, mimi ndiye ninayewasha, na mimi ndiye ninayeita wa kwanza: "Kabambare, Kabambare, hapa Kasongo!" Sauti yangu inatembea pale ambapo treni yako haina reli. Sema tena vumbi.

Sasa habari yenyewe. Ni ya Emile, kaka yangu.

Unajua amemuposa Léocadie wa Kabambare. Mambo yote yalikuwa yamekwisha. Wazee walikula, nguo zilifika, mbuzi walivuka. Halafu muto Luama ulijaa, ukachukua kivuko pamoja na kamba zake, ukakipeleka mahali Mungu anajua. Basi mbuzi wetu wako ng'ambo wanakula majani ya ukweni, na bwana harusi amebaki huku. Faradji, yule rafiki yangu wa pale karibu na musikiti, anayeangalia moteri ya umeme ya Bwana, alimwambia Emile: "Kaka, mbuzi wako wataoa mbele yako."

Na kwao Léocadie, neno la mwisho halipiti kwa mujumbe. Mukwe mwenyewe anapaswa kumwambia mama wa binti, kwa kinywa chake: Mama, ninaomba mutoto wako, nitamutunza. Mama akisikia na kuitika, ndoa iko. Asiposikia, hata ulete ng'ombe, hakuna ndoa.

Mama wa Léocadie ni Mama Sidonie. Unamukumbuka, yule aliyekunyima kiti kwenye matanga kwa sababu ulipiga miluzi. Na Emile unamujua anavyoshika haya za ukweni. Tangu posa ya kwanza hajawahi kumuangalia yule mama usoni. Akifika kwake anakaa nyuma ya ukuta wa jiko, anageuza mugongo, anasema na ukuta pole pole, na mama anamujibu akiangalia sufuria. Wamesemezana hivyo mwaka mzima.

Kumbe ng'ambo ile ile iko mutu mwingine. Anaitwa Gervais, ana duka Lusangi, ana kinga mupya, baiskeli ya kengele mbili, na nyuma ya kinga amefunga gramafoni. Alisikia kivuko kimekwenda, akaona hapa ndipo. Kila siku anafika uani kwa Mama Sidonie, anazungusha mukono wa gramafoni, muziki unalia safi, wajomba wa binti wanatikisa vichwa. Léocadie hamutaki, anakwenda kuteka maji hata mutungi ukiwa umejaa. Lakini wajomba wakaanza kusema, huyu wa Kasongo yuko wapi? Mama Sidonie akatuma neno kwa Padri: mwisho ni Jumamosi, siku ya posho. Kesho yake, siku ya Mungu, Padri atasoma majina kanisani, na yeye hatatoa jina la binti yake kwa mutu asiyemusikia.

Emile akaja kwangu. Kwangu, Hippolyte! Yeye aliyekuwa ananiita mupanguza redio, sawasawa na wewe. Akasema, "Zéphi, mudogo wangu, hiyo mashini yako inavuka muto?" Nikamwacha asimame kidogo. Halafu nikamwambia, "Inavuka. Vaa suruali nzuri."

Bwana Alo-Alo alikubali mara moja, maana ni mutu wa furaha. Padri akamuita Mama Sidonie na binti yake na wajomba wote waje kwenye sanduku lake. Saa kumi ikafika, nikaita, nikamupa Emile mikro ya kusemea.

Ee ndugu yangu.

Wewe unajua namna tunavyoitana kutoka kilima hadi kilima: unajaza kifua, unaweka mikono mudomoni, unaachilia. Emile alifikiri, kama kilima kinataka sauti ile, Luama na pori lake vinataka mara mbili. Akaishika mikro kama muhindi wa kuchoma, akaingiza mudomo wote, akapiga kelele mpaka kuku wa Bwana wakakimbia. Na chumba chenyewe kilikuwa cha sementi juu mabati, kila neno lilikuwa linagonga ukuta, linarudi, linakutana na ndugu yake linapigana. Nje ya dirisha moteri ya Faradji inakoroma. Emile hakusema "à vous" akimaliza, alisema "Amina".

Halafu sauti ya Mama Sidonie ikatoka ndani ya sanduku:

"Huyu si Emile. Emile ninayemujua anasema pole pole. Huyu ni mutu anagombana na mbwa. Na kama ndiyo yeye, basi mwaka mzima alikuwa ananificha sauti yake ya kweli nyuma ya ukuta wangu. Mutoto wangu nitamupeleka kulala na sauti hiyo?"

Nyuma yake tukasikia binti analia. Halafu Padri akafunga sanduku lake.

Emile aliketi chini kwenye sementi na suruali yake nzuri. Faradji akachungulia dirishani: "Gramafoni moja, Emile sifuri." Nilimutupia ndala.

Hapo ndipo nikasimama, mbele ya Bwana, mbele ya Faradji, mbele ya mupishi, nikasema: nipeni mpaka siku ya posho. Nitaifanya sauti ya kaka yangu iwe kama ameketi karibu na mafiga ya yule mama. Mama Julienne aliposikia nyumbani, alishika kichwa, akasema kinywa changu kitaniua mbele ya malaria. Lakini wewe unanijua. Mimi neno likishatoka silirudishi, halina njia ya kurudia.

Kwanza nilihamisha sanduku. Nilimwambia Bwana, chumba hiki kinasema kuliko mutu. Twende depo, ghala la pamba. Akaniangalia, akapiga mikono, akasema yeye angepaswa kufikiri hivyo zamani. Mimi na Faradji tulipanga magunia ya pamba pande zote mpaka juu, tukaacha nafasi ya meza na watu watatu wembamba. Ingia ndani yake upige kofi: kofi linakufa papo hapo. Nilimuita Padri, akajibu, "Zéphirin, umetoka ndani ya kisima?" Nikamwambia ndiyo, Padri, na maji nimeyaacha.

Moteri tuliipeleka nyuma ya jiko, waya mrefu, Faradji akinung'unika kwamba sasa ananusa samaki wa mupishi siku nzima na hapewi.

Halafu Bwana mwenyewe alinionyesha kile kifungo cha nguvu. Sisi tulikuwa tunakizungusha mpaka mwisho, tukifikiri nguvu nyingi ndiyo sauti nzuri. Kumbe sauti ni kama maji kwenye kibuyu, ukipitisha mudomo inamwagika, na ile inayomwagika ndiyo inayokwaruza masikio ya watu. Iko sindano ndogo kwenye kioo. Mutu akisema, sindano inacheza katikati, vizuri. Ikigonga mwisho, umeharibu. Nikakaa siku nzima nikiiangalia ile sindano kama paka anaangalia shimo.

Ikabaki Emile. Huyo ndiye alikuwa mugumu kuliko mashini. Nilimwambia, kaka, usipige kelele, akapunguza kelele. Nilimwambia, weka mikro mbali kidogo, akaiweka mbali, halafu neno la pili tayari ameirudia, amebandika midomo kama anaibusu. Moyo wake haukuamini kwamba sauti ndogo inaweza kuvuka muto mukubwa. Na kila akitamka "ba" ao "pa", pumzi yake ilipiga mikro puh! puh! Padri akasema anamusikia mutu vizuri sana, lakini mutu huyo anapiga godoro vumbi. Sema "Kabambare" hapo uone: puh, puh! Jina la ukweni kwenyewe lilikuwa adui yetu. Nilifunga kitambaa juu ya mikro, ikasaidia kidogo. Nilimufunga Emile mikono, akasogea kwa shingo.

Siku ya posho ikafika na puh zake. Sikulala vizuri, nakwambia wewe tu.

Padri alisema Mama Sidonie amekuja, wajomba wamekuja, na Gervais naye amekuja na gramafoni yake, ameiweka chini ya dirisha la Padri, tayari. Mimi nilimupanga Emile mezani ndani ya pamba. Bwana kwenye sindano. Mimi nyuma ya Emile, mikono tayari kumushika mabega akianza kubusu. Nilimwambia, "Kaka, ukiimeza tena, mimi nitamuoa Léocadie mwenyewe." Hakucheka. Alikuwa anatoka jasho kama anabeba gunia, si kama ameketi katikati yake.

Nikaita. Na hapo kikatokea kitu ambacho sikukipanga.

Mara ya kwanza, Emile ndiye aliyeanza kusema. Safari hii Mama Sidonie hakungoja. Sauti yake ikatoka kwenye sanduku, karibu, safi kabisa, kama amesimama mulangoni pa depo: "Emile, uko hapo?"

Kuzeni, kaka yako aliruka. Aliinuka kwenye kiti kama ametandikwa, akapiga magoti, akageuza uso kwenye magunia. Mukwe amemusikia mama mukwe yuko karibu: atamuangalia namna gani? Mikro ilibaki pale mezani upande wa shavu lake, na yeye anaangalia pamba. Nikanyoosha mikono nimushike kichwa, nikirudishe kwenye mikro, maana niliona yote yamekufa, kazi yangu yote imekufa. Bwana Alo-Alo akanipiga mukono. Akanionyesha sindano.

Emile alikuwa ameanza kusema na magunia, pole pole, kama anavyosema na ule ukuta:

"Mama, ni mimi. Sikukuficha sauti. Niliogopa muto tu. Ninaomba mutoto wako. Nitamutunza."

Na sindano ilikuwa inacheza katikati, polepole, kama mutumbwi uliofungwa vizuri. Hakuna puh. Pumzi yake ilikuwa inapita pembeni, inakwenda kufia kwenye pamba, sauti peke yake ndiyo inaingia kwenye mikro. Nikasikia hata anavyomeza mate. Alimaliza, akasahau kusema "à vous", nikaisema mimi kwa niaba yake, na sauti yangu ikatetemeka, lakini hiyo usimwambie Faradji.

Sanduku likavuma kidogo, kama mvua ya mbali. Nikahesabu magunia.

"Ndiyo huyu," akasema Mama Sidonie. "Huyu ndiye wa nyuma ya ukuta wangu. Emile, mwanangu, chukua mutoto."

Ng'ambo vigelegele vikapasuka, sindano ya Padri lazima ilivunjika. Depo nzima mimi na Faradji tulirukia magunia, moja likapasuka, tukatoka nje weupe kama wazee, na Bwana naye mweupe juu ya weupe wake. Emile alibaki amepiga magoti anaangalia pamba, analia, anasema "Ndiyo mama, ndiyo mama," na mimi nikamwambia, kaka, simama, amekwisha kwenda.

Sasa sikia iliyonifurahisha zaidi. Padri alirudi kwenye sanduku akicheka mpaka anakohoa. Akatuambia: ile sauti ya Mama Sidonie iliyofika safi hivyo, mnajua alikaa namna gani? Alikuwa amekalia kiti upande, amejifunika kitenge kichwani, amelipa sanduku mugongo. Alikataa kabisa kuliangalia. Alimwambia Padri, "Mukwe wangu yuko ndani, nitamuangalia namna gani?" Basi watu wawili walipeana migongo, mumoja Kasongo, mumoja Kabambare, na ndiyo siku walisikilizana.

Tangu siku ile mambo yamebadilika. Mutu yeyote akija kusema kwenye sanduku letu, ninamugeuza. Usiimeze mikro, ninamwambia, mikro ni mama mukwe wako: uwe karibu, lakini uso pembeni, na sauti ya heshima. Tunaita kusema kimukwe. Bwana Alo-Alo amewaeleza rafiki zake wa redio mbali mbali, na mumoja amejibu kwamba tangu ajaribu, mke wake anamusikiliza. Mimi nasema ni akili yangu. Faradji anasema ni akili ya Mama Sidonie. Emile anasema ni ya Mungu. Wewe ambaye ni mutu wa haki, andika kwamba ni yangu.

Gervais amerudi Lusangi. Wanasema sasa gramafoni yake anawapigia kuku, na kuku wanataga vizuri. Mungu hamunyimi mutu yote.

Kivuko kipya kimefungwa juma lililopita, na arusi ni kisha mavuno ya mupunga. Utakuja. Usiniletee habari za treni na ruhusa, mutu aliyekaa mbali namna hiyo anapaswa kufika hata kama anasukuma behewa kwa mikono. Lete viatu vya kucheza, na meno yote yaliyobaki. Wasichana wa Kabambare wananiuliza kama niko na ndugu. Nimesema niko naye mumoja, muzuri kidogo kunipungua.

Neno la mwisho halafu nakuacha. Jana tulimupa Emile zawadi: Padri alimuita Léocadie aseme naye, bila wazee, kwa mara ya kwanza. Emile akapiga magoti yake tayari, uso kwenye magunia. Ng'ambo tukasikia Padri anamufundisha binti: geuza uso, mwanangu, sema pembeni, kimukwe. Na binti akajibu, tumesikia wote:

"Kwa nini? Mimi si mama mukwe wake. Mimi nitamuangalia usoni."

Akaishika mikro, akaimeza yote, akaita "Emile!" kwa nguvu ya kifua chake. Ikapasuka, ikakwaruza, puh kama ngoma, sindano ya Padri lazima iligonga mwisho, Bwana akashika masikio. Kazi yangu yote ikaharibika kwa neno moja. Nikamuangalia kaka yangu: ameinuka, amegeuka, ameweka mikono miwili juu ya sanduku, anacheka kama mutoto. Akaniambia, "Zéphi, hiyo usiisafishe."

Nimeiacha hivyo hivyo.

Usalimie Marcelline, umwambie mama amemuwekea kitenge. Watoto wake uwavute masikio kwa niaba yangu, taratibu. Musalimie na mujomba akipita huko. Huku wanakusalimu mama Julienne, Emile, Faradji na hata Bwana Alo-Alo, ambaye anafikiri wewe ndiye unayeendesha treni yote, sikumusahihisha.

Mungu akulinde kwenye reli na nje ya reli, akupe usingizi, akupe na mama mukwe mwenye moyo kama wa yule wa kaka.

Ni mimi wako akupendaye, hata ukisema vumbi,

Zéphirin
Sauti ya Kasongo